Maswali na majibu: Picha zangu za zamani za nyeusi na nyeupe hazifunguki, nizigeuze ziwe nini?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, picha za kompyuta za miaka ile, zile zenye weusi na weupe tu, ambazo programu nyingi za sasa hazizijui. Nimechagua zinazogusa watu wengi nikazijibu moja moja.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina diski kibao za zamani nimezikopi zote kwenye laptopu, humo ndani kuna michoro yangu ya miaka hiyo, mingine jina linaishia na .xbm, mingine .pcx na mingine .mac, yote nyeusi na nyeupe haina rangi hata kidogo. Nikiklik naambiwa hakuna programu ya kufungulia, na zile za xbm ndo zinanishangaza kabisa maana zinafunguka kama maandishi, namba tupu na mabano. Jamaa mmoja kaniambia zimeshaharibika, mwingine anasema nitafute programu yoyote nizigeuze JPEG yaishe. Nifanyeje jamani, hii michoro naipenda.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kwanza ondoa hofu, hizo za xbm hazijaharibika, ndivyo zilivyoumbwa. XBM imetoka kwenye mfumo wa X Window wa kompyuta za Unix na faili lake kweli ni maandishi, ni kipande cha kodi ya lugha ya C. Angalia pale juu utakuta mistari miwili inaanza na #define, mmoja unataja upana wa picha na mwingine urefu, halafu chini yake kuna msururu wa namba za mtindo wa 0x3c, 0x42, na kila namba imebeba pikseli nane, yaani vidoti vinane vya picha. Waliifanya hivyo makusudi, ili anayeandika programu achukue ikoni au mshale wa kipanya auingize moja kwa moja kwenye kodi yake. Zamani hata vivinjari kama Mosaic vilikuwa vinazionyesha, baadae vivinjari vikaja kuacha, kwa hiyo leo faili zima lipo ila hakuna wa kulisoma.

Hizo nyingine nazo zina kwao. PCX ni ya PC Paintbrush ya kampuni ya ZSoft enzi za DOS. Hiyo .mac kwa vyovyote ni ya MacPaint, programu aliyoiandika Bill Atkinson ikatoka na Macintosh ya kwanza mwaka 1984, na michoro yake yote ina ukubwa mmoja, pikseli 576 kwa 720.

Sasa hapa kwenye JPEG naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo watu wengi wanapopotezea picha zao. Kwenye mchoro wako kila pikseli inahifadhiwa kwa biti moja tu, ni kama taa, imewaka au imezimika, hakuna kijivu hapo katikati. JPEG ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera, anga, sura za watu, vitu ambavyo rangi inabadilika taratibu. Inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, inakadiria kila kipande kina nini, na yale inayoona jicho halitayakosa inayatupa. Ukiipa mstari mweusi mkali kwenye karatasi nyeupe haiwezi kuukadiria vizuri, kwa hiyo pembeni ya mstari inaacha vumbi la kijivu, na kila ukifungua ukahariri ukasevu tena vumbi linaongezeka. Na hiyo biti moja yenyewe haiijui kabisa, kijivu chake kinaanzia biti 8 kwa kila pikseli, kwa hiyo unaweza kupata faili kubwa kuliko la mwanzo na bado ni baya zaidi!

Fomati unayoitaka ni PNG. Ilitoka mwaka 1996, inafunguka kwenye simu, kwenye kivinjari, kwenye Windows, Mac, Linux, popote pale, haipotezi pikseli hata moja, na muhimu kuliko yote inakubali picha ya biti moja kama ilivyo. Piga hesabu ya mchoro mmoja wa MacPaint: pikseli 576 kwa 720 ni pikseli 414,720, kwa biti moja moja ni baiti 51,840 kabla hata haujakandamizwa. Mchoro huohuo ukiuhifadhi kwa rangi kamili za biti 24 ni baiti 1,244,160, mara 24 zaidi, na hujaongeza chochote ambacho jicho litakiona.

Kwa vitendo sasa. Kama hupendi kuandika amri, chukua XnView au IrfanView kwenye Windows, au GIMP kwenye mfumo wowote, fungua picha, kisha hifadhi kwa jina jipya ukichagua PNG. Mimi mwenyewe natumia ImageMagick, ni ya bure na inasoma karibu kila kitu. Ukishaiweka unafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika hivi:

magick mchoro.xbm mchoro.png

Basi. Kwa PCX ni vilevile. Matoleo ya zamani ya ImageMagick amri yake ilikuwa convert, na ndo utaikuta kwenye maelekezo mengi, ila kwenye Windows kuna convert nyingine ya mfumo wenyewe ambayo kazi yake ni kubadilisha diski kuwa NTFS, haihusiani kabisa na picha, kwa hiyo zoea kuandika magick. Za MacPaint zikikusumbua kuna mkusanyiko mwingine wa programu unaitwa Netpbm, ni mkongwe sana, asili yake ni Pbmplus ya Jef Poskanzer ya mwaka 1988, wenyewe una kifaa maalum kwa kila fomati ya zamani:

macptopbm mchoro.mac | pnmtopng > mchoro.png

Halafu usiifute hata moja ya zile za mwanzo. Nitalirudia hili huko chini.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, nimepewa folda lina mamia ya ikoni za xbm na pcx nizigeuze zote, sasa nikienda moja moja si nitazeeka hapa? Kuna njia ya mkupuo?

JIBU: Marahaba mwanangu, ipo. Ndani ya hilo folda tengeneza folda jingine tupu liite png, halafu:

magick mogrify -path png -format png *.xbm

Hiyo -path ndo inayokulinda, inasema matokeo yote yaende kule pembeni. Mogrify ni amri kali, kazi yake ya asili ni kubadilisha faili palepale lilipo, kwa hiyo ukija siku nyingine ukasahau -format na -path ukaiambia tu ikuze picha au igeuze rangi, itaandika juu ya faili lako la asili na halirudi tena. Kwa hiyo kabla ya yote kopi folda zima uweke mahali pengine, fanya kazi kwenye kopi.

Kingine ambacho hutaambiwa na mtu: kama kuna nyumba.xbm na nyumba.pcx, zote mbili zitataka kuitwa nyumba.png na ya pili itaifuta ya kwanza kimyakimya, hutaona onyo lolote. Fanya xbm peke yake zitoke kwenye folda lake, pcx kwenye lake. Mwisho hesabu idadi ya mafaili yaliyoingia na yaliyotoka, zikilingana uko salama.

SWALI: Kaka, nimegeuza kama ulivyosema lakini baadhi zimetoka kinyume, kilichokuwa cheusi kimekuwa cheupe na cheupe kimekuwa cheusi, zinaonekana kama negativu ya filamu. Na nyingine chache zimetoka doa jeusi tu halina mchoro ndani. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea popote dada yangu. Hizi fomati hazikubaliani biti yenye thamani ya 1 maana yake ni nini. Kwenye XBM na kwenye PBM, ile fomati ya Netpbm, 1 ni nyeusi. Kwenye PNG ya kijivu ya biti moja ni kinyume chake, 0 ndo nyeusi. TIFF, fomati nyingine ya picha, yenyewe inaruhusu zote mbili, ndani ya faili kuna alama inayosema sifuri ni nyeupe au sifuri ni nyeusi, na programu iliyoandika alama isiyo sahihi au iliyosoma bila kuiangalia ndo inakuletea hiyo negativu. Programu nzuri inatafsiri yenyewe wala hujui kama kuna kitu kimetokea. Zikitoka kinyume, rekebisha hizo tu:

magick kinyume.png -negate sawa.png

Usiipitishe kwenye folda zima kwa hasira maana utazigeuza na zile zilizokuwa nzuri. Na kama umefungua picha kwenye programu yenye mandhari meusi hakikisha kwanza tatizo ni la picha na sio la mandhari, hasa kama picha ina sehemu inayopenya.

Hayo madoa meusi nina furaha umeyauliza kabla hujayafuta. Angalia majina yao, nadhani utakuta yana neno mask, na pembeni kuna faili jingine lenye jina linalofanana lisilo na hilo neno. Mshale wa kipanya kwenye X ulikuwa unatengenezwa kwa picha mbili, moja ni mchoro wenyewe na ya pili inaonyesha sehemu gani ya huo mchoro ionekane na wapi pawe wazi, kwa kuwa biti moja haina nafasi ya kusema nyeusi, nyeupe na wazi kwa pamoja. Kwa hiyo doa lako ndo umbo la mshale. Zihifadhi pamoja hizo mbili, ukitenganisha moja na mwenzake hutajua tena wapi palikuwa weupe wa mchoro na wapi palikuwa pa kupenya.

SWALI: Mimi nina barua za faksi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, ni faili za .tif, nikifungua maandishi yamebonyea, yaani mapana na mafupi kama yamekaliwa, halafu nikigeuza kwenda PNG kwenye programu yangu napata ukurasa mmoja wakati barua ilikuwa na kurasa nyingi. Zingine zimeenda wapi?

JIBU: Una mambo mawili hapo na yote yanatibika.

La kubonyea kwanza. Mashine ya faksi haina pikseli za mraba. Ukurasa una pikseli 1,728 kwa upana, nukta 204 kwa inchi, lakini kwenda chini kwenye hali ya kawaida ni nukta 98 tu kwa inchi, kwa hiyo urefu unabaki mistari 1,100 hivi. Vipimo hivyo vimeandikwa ndani ya TIFF, programu makini inavisoma inanyoosha ukurasa, programu nyingine inadhani kila pikseli ni mraba na ndo unaona barua imekaliwa. Lakini usianze kunyoosha kila kitu, kuna faksi za hali ya juu zenye nukta 196 kwenda chini na hizo ziko sawa tayari. Uliza faili lenyewe:

magick identify -format "%w %h %x %y\n" barua.tif

Namba mbili za kwanza ni upana na urefu kwa pikseli, mbili za mwisho ni nukta. Ukiona namba ya mwisho ni kama nusu ya ile ya tatu, rudufu kila mstari mara mbili kwenda chini.

La kurasa sasa. TIFF inaweza kubeba kurasa nyingi kwenye faili moja, PNG inabeba picha moja tu, kwa hiyo programu yako imechukua ya kwanza ikaziacha nyingine. Hazijapotea, zimo kwenye .tif. Amri hii inafanya yote mawili kwa pamoja, inarudufu mistari na inatoa kila ukurasa na namba yake:

magick barua.tif -sample 100%x200% ukurasa-%02d.png

Nimetumia -sample na sio -resize makusudi, sample inakopi pikseli kama zilivyo, resize inachanganya jirani na jirani inazalisha kijivu.

Ila kama ni barua za kusoma na sio picha za kutazama, mimi ningekushauri PDF badala ya PNG, kurasa zote zinakaa pamoja kwa mpangilio na kila mtu anaweza kuifungua. Ukandamizaji wa ndani uwe Group 4, uleule ambao TIFF nyingi za aina hiyo tayari zinautumia, haupotezi chochote:

magick barua.tif -compress Group4 barua.pdf

Hapa usiongeze hiyo -sample kabla hujaifungua PDF ukaiangalia, maana vipimo vya nukta vilivyomo kwenye TIFF huenda vimeshaunyoosha ukurasa.

SWALI: Hapo hapo kwenye PDF fundi, programu ninayoskania nyaraka inanipa chaguo la JBIG2 na mafaili yanakuwa madogo ajabu. Nitumie hiyo?

JIBU: Kwa nyaraka zenye namba, hapana, labda uwe na uhakika kabisa imewekwa kwenye hali isiyopoteza kitu. JBIG2 ina hali mbili. Ile inayopoteza inatafuta herufi zinazofanana kwenye ukurasa, inahifadhi moja, halafu kila mahali inaibandika hiyohiyo. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua mashine za kunakili na kuskani zilizokuwa zinabadilisha tarakimu, 6 ikawa 8, na kwenye ramani ya nyumba vyumba vya ukubwa tofauti vikatoka vyote vimeandikwa eneo lilelile. Na karatasi ilikuwa safi kabisa, tarakimu zimekaa vizuri, hakuna ukungu wala alama ya kukushtua! Picha ikififia unajua imefifia, lakini namba ikibadilika ikiwa safi utaiamini. Kwangu mimi nafasi inayookolewa hailingani na hatari hiyo, Group 4 inatosha.

SWALI: Nataka kuzitumia hizi ikoni za zamani kwenye skrini ya sasa lakini ni ndogo mno, za pikseli 32 kwa 32, nikizikuza zinakuwa na ukungu. Na kuna picha ya mtu iliyochorwa kwa vidoti vidoti, nikiipunguza inatoa mistari ya mawimbi ambayo haikuwepo.

JIBU: Ukungu unakuja kwa sababu programu inabuni rangi za katikati. Iambie isibuni, na ukuze kwa namba nzima tu, mara 2, mara 4, mara 8:

magick ikoni.png -sample 400% ikoni-kubwa.png

Ukikuza mara 2 na nusu baadhi ya pikseli zitakuwa nene kuliko nyingine na mchoro utapinda. Kwenye GIMP tafuta sehemu ya kuchagua namna ya kukuza, uiweke kwenye None, yaani hakuna.

Ukitaka mistari laini ya kuchapisha kwa ukubwa wowote, ipo programu ya bure inaitwa Potrace, inapokea PBM au BMP ya nyeusi na nyeupe inakupa SVG, yaani mchoro wa mistari badala ya pikseli. Kwa nembo na herufi kubwa inapendeza sana. Kwa ikoni ya 32 kwa 32 sioni kama inafaa, aliyechora aliweka kila pikseli kwa mkono wake, na Potrace itakata kona zake zote iwe duara.

Hiyo ya vidoti ni habari nyingine. Mchoraji hakuwa na kijivu, kwa hiyo alikitengeneza kwa kutawanya doti nyeusi, nyingi kwenye kivuli, chache kwenye mwanga. Ukiipunguza, doti zinagongana na safu za pikseli mpya na ndo yanazaliwa hayo mawimbi. PNG ya kuhifadhi iache kwenye ukubwa wake halisi. Ukihitaji ndogo ya kuonyesha tengeneza nyingine pembeni, iruhusu iwe ya kijivu, itumie -resize, hapa kijivu ni rafiki yako, ila hiyo ndogo isije ikachukua nafasi ya ile kubwa.

SWALI: Nimemaliza kugeuza zote. Naweza kufuta za zamani?

JIBU: Usifute. Ni ndogo, ikoni elfu moja za xbm hazifikii ukubwa wa picha chache za simu, na ndani yake mara nyingine kuna vitu visivyoingia kwenye PNG, kwa mfano kwenye XBM kuna mahali pa kuandika ncha ya mshale iko pikseli ya ngapi, na maelezo aliyoacha mwandishi juu ya kodi. Zipu zikae pamoja na PNG zake.

Na kama unataka uhakika kwamba hakuna pikseli iliyobadilika, linganisha:

magick compare -metric AE mchoro.xbm mchoro.png null:

Itaandika idadi ya pikseli zinazotofautiana. Unataka sifuri. Ikiandika namba yoyote kubwa kuliko hapo rudi uangalie, usijiambie ni kidogo.

SWALI: Za kwangu hazina hata jina la mwisho, zimeandikwa tu picha1, picha2. Nitajuaje ni za fomati gani?

JIBU: Kwenye Linux na Mac andika file picha1 na mara nyingi utaambiwa. Ikishindikana fungua na programu ya maandishi uangalie herufi za mwanzo kabisa, ila ufunge bila kusevu, maana programu nyingine za maandishi zikisevu zinaharibu. Ukiona BM ni BMP, GIF8 ni GIF, II au MM ni TIFF, P1 au P4 ni PBM, na #define unaijua tayari. PCX haionyeshi herufi ya kusomeka, baiti yake ya kwanza ni 10. MacPaint nayo haina alama ya mwanzo ya kutegemea, kwa hiyo kama zimetoka kwenye diski za Macintosh na hujaona lolote kati ya hayo, jaribu macptopbm kwenye kopi ya picha1, ikitoka ya 576 kwa 720 na inaeleweka, umeipata.